Leseni ya Kuuza Nyumba: Mtihani na Miezi ya Kungoja

(Hotuba ya mwanachama katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Houston, Texas)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kuuza nyumba, kwa kuwa wenzetu watatu wameomba mkopo ili waisomee. Nitaeleza njia ilivyo, halafu nitasema lile ambalo matangazo ya shule hayalisemi.

Hapa Texas anayetaka leseni sharti awe ametimiza miaka 18. Atasoma masomo 6, kila moja saa 30, jumla saa 180: misingi ya kazi katika sehemu mbili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu za mikataba, na mikopo ya nyumba. Unaweza kusoma usiku, watoto wakishalala. Atatoa alama za vidole ili mwenendo wake ukaguliwe. Kisha mtihani, sehemu ya nchi nzima na sehemu ya sheria za Texas. Ukishindwa mara 3, unarudi kusoma. Kiingereza chake ni cha sheria, kwa hiyo msikariri tu, jueni maana.

Ukifaulu, bado. Huruhusiwi kufanya kazi mpaka wakala mkuu mwenye leseni, wanayemwita broka, akubali kukusimamia. Malipo yako yote hupitia kwake. Na jamani, ule udalali wa kwetu, wa kumpeleka mtu kuona nyumba ukapewa chochote, huku bila leseni ni kosa.

Sasa lile lisilosemwa. Kazi hii mara nyingi haina mshahara. Unalipwa kamisheni mauzo yakikamilika, na miezi inaweza kupita hujapata hata moja. Petroli inataka, kodi inataka, ada zinataka. Tena ndani ya miaka 2 ya kwanza lazima ufikishe saa 270 za masomo. Mtu anaweza kufaulu mtihani akashindwa na njaa.

Kwa hiyo naomba kikundi kifikirie mambo mawili. Mwombaji aonyeshe kwanza akiba ya matumizi ya miezi 6, au asiache kazi aliyo nayo. Na marejesho yasianze mwezi unaofuata kama mikopo ya biashara ndogo. Fedha hizi ni jasho la mama anayesafisha hoteli usiku. Tusimpe mtu mzigo utakaomfanya atukimbie.

Lakini tusiwakatalie. Watu wetu wanatia sahihi karatasi wasizozielewa. Tukipata wa kuwaeleza kwa Kiswahili kabla ya kalamu kushikwa, tumepata faida. Na atakayepata leseni akumbuke, sheria ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi wa rangi, dini na asili katika nyumba inamlinda, na yeye pia inamfunga.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi chetu kidumu!