Damu Katika Mkojo: Tuzijue Hatua za Saratani ya Kibofu

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kisii na Nyamira)



Ndugu zangu, mada hii wengi wanaionea haya, lakini haya isituue. Mwenye kufunga huona mkojo wake umekolea manjano. Aghalabu hiyo ni kiu tu, ukinywa maji usiku unasafika. Damu ni jambo jingine. Ikija mara moja bila maumivu, kisha ikakatika, usiseme umepona. Huenda ni mawe, au kichocho, au saratani. Kipimo ndicho kitakachosema.

Sasa, daktari akitaja "hatua" anakusudia nini? Si ukali wa maumivu, bali ni pale saratani ilipofika. Chukua mfano wa ukuta wa nyumba.

Hatua ya sifuri: iko kwenye utando wa ndani tu, yaani kwenye rangi ya ukuta.

Ya kwanza: imepenya chini ya utando, kwenye plasta. Msuli haujaguswa.

Ya pili: imeingia kwenye msuli, yaani tofali lenyewe.

Ya tatu: imetokeza nje ya msuli, au imeingia viungo jirani kama tezi dume au mji wa mimba, au tezi za nyonga.

Ya nne: imefika ukuta wa nyonga au wa tumbo, au mbali zaidi: mapafu, ini, mifupa.

Basi mpaka mkubwa ni ule msuli. Kabla yake, kwa kawaida uvimbe huondolewa kwa chombo kinachopitishwa njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ukishaingia msuli, mara nyingi huzungumziwa kutoa kibofu chenyewe, au mionzi pamoja na dawa za saratani. Yaani miezi ya kuona haya ndiyo inayoweza kuivusha mpaka huo.

Sababu kubwa ni sigara. Wako wanaoshinda bila sigara tangu alfajiri, kisha wakifuturu tu wanaiwasha! Kama mchana unaweza, na usiku jaribu.

Kichocho cha mkojo nacho, kikikaa miaka bila tiba, huleta saratani hii. Kipo sana Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River. Aliyeishi huko akaoga mitoni na mabwawani, apimwe. Dawa yake, praziquantel, ni ya vidonge.

Dada zetu, si kila damu ni hedhi.

Anzeni zahanati ya karibu, mkojo upimwe. Damu ikionekana na sababu isijulikane, ombeni rufaa kibofu kiangaliwe kwa kamera. Na mzee akikunong'oneza habari hii, usimwambie asubiri Idd ipite. Mpeleke kesho.

Wabillahi tawfiq.