Wateja wa Tunduma Si Ukoo Mmoja: Kubadili Fomu za Wateja katika Outlook

(Mada kwa makarani na wahasibu wa maduka ya jumla, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)



Ukitoka hapa Mnazi Mmoja ukavuka Mtaa wa Lumumba, umeingia Kariakoo, ambako mteja wa vitenge huenda ametoka Lubumbashi, wa vyombo vya plastiki Tunduma, wa vipodozi Moroni. Karani mzuri anawajua wote: Mama Neema wa Tunduma, Baba Salma wa Songea. Kazi huanza kuharibika pale anapowaingiza kwenye Outlook.

Andika "Mama Neema Tunduma" kwenye kisanduku cha jina kamili. Programu itaamua yenyewe kwamba Mama ni jina la kwanza, Neema la kati na Tunduma la ukoo, kisha itampanga kwenye orodha kama "Tunduma, Mama Neema". Baada ya mwezi, wateja wote wa Tunduma wamekuwa ndugu wa damu. Tunacheka, lakini kosa si la karani. Fomu ile ilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye jina la ukoo, nyumba yenye namba na jimbo. Kwetu barua zimezoea kwenda kwenye S.L.P., na ingawa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetuletea namba milangoni, kijana wa guta bado anaelekezwa kwa kona: Congo na Mchikichi, fremu ya tatu kulia.

Basi karani hujinusuru kwa kumimina kila kitu kwenye kisanduku cha maelezo. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Kabla hujagusa fomu, soma maelezo hayo. Jambo linalojirudia humo ndilo kisanduku unachokosa. Katika duka moja la jumla nililowahi kulisaidia, yalijirudia mambo matatu: gari linalobeba mzigo wa mteja, namba anayolipia ambayo siyo anayopigia, na jina la anayepokea mzigo huko mkoani. Wakati huohuo fomu ya Outlook ilikuwa na nafasi ya mwenzi wa ndoa na ya tarehe ya kuadhimisha ndoa. Sijaona karani wa Kariakoo aliyezijaza.

Kubadili kwenyewe si kugumu. Katika Outlook ya zamani ya kompyuta, washa kwanza kichupo cha Developer kwenye mipangilio, chagua kubuni fomu, kisha ufungue fomu ya Contact. Utakuta ukurasa wa kwanza unaoweza kuupunguza, na kurasa tano tupu. Tengeneza kisanduku kipya kwa jina lake, mathalani "Gari la mzigo", ukiburute hadi ukurasani, halafu uichapishe fomu kwa kitufe cha Publish. Ukiipa jina Mteja, ndani ya programu itaitwa IPM.Contact.Mteja. Lishike jina hilo, tutalirudia. Ila angalia: kisanduku ulichokichora tu bila kukifunga kwenye taarifa fulani kitapokea maandishi, na ukishafunga fomu maandishi hayo yamepotea. Karani atadhani amesahau kuhifadhi.

Sasa kosa langu mwenyewe. Katika duka lilelile nilichapisha fomu mpya jioni, nikaiweka iwe ndiyo inayofunguka kwenye folda ya wateja, nikaondoka kifua mbele. Asubuhi nikapigiwa simu: wateja wapya wanafunguka kwa fomu mpya, wa zamani wote kwa ile ya kale. Sikuwa nimeelewa kwamba kila mteja anahifadhiwa pamoja na jina la fomu yake. Waliosajiliwa kama IPM.Contact hubaki hivyo hadi uwabadilishe jina hilo mmoja mmoja, au wote kwa makro fupi. Nakala ya akiba ya folda itangulie, makro ifuate.

Kuna pigo jingine, na hili linawahusu zaidi ninyi ambao ofisi yenu ni simu ya mkononi. Visanduku ulivyobuni mwenyewe kwa kawaida haviendi kwenye simu, na ukitoa orodha kama faili la CSV havitoki. Kwa hiyo ushauri wangu, hata kama wataalamu wenzangu watanuna, ni kwamba duka lenye mahitaji matatu lisibuni visanduku vipya. Outlook ina visanduku vinne vya akiba, User Field 1 hadi 4, na hivyo hutoka kwenye CSV. Viweke kwenye fomu, uvipe maandishi ya Kiswahili pembeni, basi.

Namba nazo zihifadhiwe kama maandishi. Simu inayoanza na sifuri huipoteza sifuri hiyo ikihesabiwa kama namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu, zinazobaki huzigeuza sifuri. Lakini kwa NIDA nauliza kwanza: unaitakia nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja. Kumpelekea mtu mabeseni Tunduma hakuhitaji kitambulisho chake.

Neno kuhusu Outlook mpya ya Windows: haizisomi kabisa fomu za kubuni. Microsoft imesema ile ya zamani itaendelea kuhudumiwa hadi angalau mwaka 2029. Anayejenga leo fomu ya kurasa tano iliyojaa msimbo anajenga kwenye kiwanja chenye alama ya X.

Naomba kila mshiriki, kabla hatujakutana tena mchana, afungue wateja wake ishirini wa kwanza, asome visanduku vyao vya maelezo, na aje na karatasi yenye mambo aliyoyakuta zaidi ya mara tano. Tutaanza kazi na karatasi hizo, kompyuta zikiwa bado zimezimwa.