Mgeni Mpe Jembe, na Shamba Umwonyeshe

*Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya afya katika semina ya kamati za sharika, Bukoba*



Nimeombwa niseme machache juu ya kuwapokea wageni wanaokuja kujitolea katika sharika zetu. Mimi si mtaalamu. Ila nami nimewahi kuwa mgeni, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mwaka 2016 nilikwenda Wuppertal, Ujerumani, kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikwenda kwa programu ya weltwärts, iliyoanza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nchi za Kusini, na kuanzia mwaka 2013 ikawa inapokea na vijana wa huku. Wuppertal ni mji wa bondeni, na tangu mwaka 1901 una treni inayoning'inia juu ya mto Wupper. Barua yangu ya kwanza nyumbani ilieleza habari za treni hiyo. Sikuandika kwamba nililala na njaa.

Ilikuwa hivi. Jioni ya kwanza mama mwenyeji wangu aliniuliza kama aniongezee mkate. Nikajibu "Danke", yaani asante, kama tunavyojibu huku tukipokea. Akaiondoa sahani. Kumbe kule, ukikaribishwa kitu ukajibu "Danke" peke yake, kwa kawaida umekataa. Nikangoja anibembeleze mara ya pili, kama wanavyofanya mama zetu. Hakunibembeleza, kwa sababu kwake kumlazimisha mtu aliyekwisha kukataa ni kukosa adabu. Basi tulikaa mezani watu wawili wenye adabu, na mmoja wetu ana njaa.

Kosa kubwa lilikuja juma la tatu. Niliambiwa nifike kazini "halb acht". Nilijua "halb" ni nusu na "acht" ni nane, nikaelewa ni nane na nusu kwa saa za kwao. Kumbe Mjerumani husema nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Nikachelewa saa nzima. Dada wa zamu ya usiku alikuwa bado yupo, kwani hakuweza kumwacha peke yake mzee asiyeweza kuinuka kitandani. Nyumbani mtoto wake alikuwa anamngoja ampeleke shule. Alinisema pale pale, mbele ya wenzangu. Nilijifungia chooni nikalia, nikajiambia: huyu hanipendi.

Kesho yake dada yule yule alinijia na sahani ya karatasi aliyoichora uso wa saa, yenye mishale miwili. Wakati wa chai akawa anausogeza mshale na kuniuliza. Nikikosea, anasema hapana, tunarudia. Alifanya hivyo karibu kila tulipopishana zamu. Watu wengi walinisifu kwamba najua Kijerumani, na walikuwa watu wema. Lakini aliyenifundisha ni yule aliyenisahihisha.

Wapendwa, sasa nirudi nyumbani, maana hapa kosa ni letu.

Miaka michache baadaye kituo chetu cha afya kilimpokea kijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Tulimtuma vitongojini kutangaza siku ya chanjo. Yeye alikusudia saa 3 asubuhi, lakini akahesabu kwa saa ya kwao akasema saa 9. Akina mama walishangaa, ila walitii. Walifika saa 9 alasiri, wauguzi wamekwisha kufunga na chanjo zimerudishwa kwenye jokofu. Mama mmoja alikuwa ametoka mbali, mtoto mgongoni.

Sisi tulijua kosa liko wapi. Tulifanya nini? Mwezi uliofuata tulimtuma mtu mwingine kutangaza, kimya kimya. Kijana tukaendelea kumwambia, "Hongera, unajua Kiswahili vizuri sana!" Tulidhani tunamsitiri. Kumbe tulimnyang'anya kazi, tukamwacha na kosa lake.

Aliyemweleza ni yule mama. Siku ya chanjo alimwambia, "Mwanangu, saa tisa yako ni saa tatu yetu." Kijana alibadilika uso. Akanigeukia akauliza, "Dada, mbona hamkuniambia?" Sikuwa na jibu. Mimi, niliyefundishwa kwa saa ya karatasi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili.

Kwanza, kila usharika unaopokea mgeni umteue mtu mmoja wa kukaa naye kila siku na kumsahihisha kwa upendo. Asichaguliwe kwa sababu anajua Kiingereza. Achaguliwe kwa uvumilivu wake. Aanze na saa, salamu, fedha, na namna ya kukubali na kukataa chakula. Na akosolewe faraghani. Lile la kusemwa mbele za watu sikulileta kutoka Wuppertal.

Pili, ndugu wafadhili, mkiona katika bajeti zetu miezi ya kujifunza lugha kabla ya kazi, pamoja na posho ya mwalimu, msiikate mkidhani ni muda wa kupumzika. Tangazo moja lililokosewa liliwarudisha watoto nyumbani bila chanjo.

Katika Kumbukumbu la Torati 10:19 Waisraeli wanaagizwa kumpenda mgeni, kwa sababu nao walikuwa wageni Misri. Wahenga wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami naongeza: ukimpa jembe, mwonyeshe na mpaka wa shamba. Akilima pasipo pake, mwambie mapema, kabla hajafika mbali.