Masizi Hayataki Haraka
(Maneno ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Issuna)



Tumeombwa tuseme juu ya ghala letu. Wengi mmepita pale mkauliza: mbona ukuta wa mashariki una mabaka, na kuta nyingine ni safi? Leo tunajibu, maana sherehe si ya kujisifu tu.

Ghala lile tulilijenga kwa fedha zetu wenyewe, kwa mbao za paini za Mufindi. Katika kiangazi cha mwaka wetu wa saba, mwenzetu mmoja alimwaga majivu nyuma ya ghala akidhani yamepoa. Kumbe kaa moja lilikuwa hai. Upepo ukavuma, mabua ya alizeti yakashika. Mlikuja mbio na mchanga na ndoo, moto ukazimwa kabla haujaingia ndani. Sanduku likapona, magunia yakapona. Mbao mbili ziliungua, na kuta zikawa nyeusi tii.

Kesho yake tukafanya kosa. Tulibeba maji na sabuni tukauvamia ukuta wa mashariki. Nanyi mnajua maji yanavyopatikana hapa Issuna wakati wa kiangazi! Weusi ukateremka kama wino. Kufika mchana ukuta ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Masizi yana mafuta, na mbao ya paini ni laini, inanyonya. Ukiyalowesha kabla ya kuyatoa, unayasukuma ndani.

Ndipo fundi seremala akatufundisha, nasi tunawapa wenzetu:

Kwanza, funga kitambaa puani na vaa mikono mirefu. Choma mbao kwa msumari. Ukizama kirahisi, mbao hiyo imeungua ndani, ing'olewe. Ukigonga pagumu, inaoshwa.

Pili, kazi ya ukavu. Fagia kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, kisha gusagusa kwa kitambaa kikavu. Usisugue. Kitambaa kikichafuka, geuza upande.

Tatu, ndipo maji ya vuguvugu na sabuni ya unga kidogo. Osha kipande kwa kipande kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye mbao kavu. Suuza kutoka juu kwenda chini kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ndoo mbili zinatakiwa, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Petroli na mafuta ya taa, hapana! Huko ni kuita moto wa pili.

Nne, acha ukuta ukauke kabisa, siku kadhaa. Pitisha msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha paka rangi ya mafuta. Sisi ukuta wa mashariki tuliupaka rangi ya maji, na madoa yakarudi juu. Mabaka mnayoyaona ndiyo hayo.

Sasa lile lililo gumu kusema. Katika kikao cha wiki ile, baadhi yetu tulitaka mama yule alipe ghala zima. Wengine tulisema atoke. Yeye hakujibu. Aliweka kitabu chake cha hisa mezani, akakaa. Katibu akasoma katiba yetu, na hakuna kifungu kilichosema mwanachama afukuzwe kwa ajali. Tukakubaliana alipe zile mbao mbili kidogo kidogo, mfuko wa jamii ununue sabuni na rangi, na kuosha tuoshe wote kwa zamu. Alilipa kwa miezi minne, hakukosa hata mara moja. Leo ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku.

Maneno tuliyomwambia siku ile nayo yalikuwa ya haraka, kama maji yetu ya ukutani. Hatukuwahi kuyaomba radhi mbele za watu. Leo tunaomba. Mama, tusamehe.

Kwa wote: majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, na mabua yakae mbali na nyumba. Moto ukizuka, piga 114, namba ya Zimamoto, huku majirani wakiendelea na mchanga.

Karibuni mpite ghalani, mjionee wenyewe.