Chumvi ya kampeni na kura yako



Mgombea akileta chumvi na sabuni kambini, tumuulize: feza zimetoka wapi? Sheria ya uchaguzi ya 2006 inakataza kutumia mali ya Serikali katika kampeni. Motokari ya Serikali ikibeba mabango yake, ni mali yetu inaibiwa.

Tarehe 5 Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa uchaguzi wa Desemba 2023, kwa udanganyifu, rushwa na makosa mengine. Lakini azabu ilikuja watu wamekwisha kupiga kura. Basi viongozi, tuangalie mapema: tuandike siku, fasi na namba ya motokari, tuwapelekee wachunguzi. Tusipige mtu. Chumvi inaisha kwa juma moja. Mbunge anachaguliwa kwa miaka mitano.