Zahanati Yetu na Ukaguzi: Maneno Tuliyosema Mkutanoni

Ndugu wanakijiji,

Wakaguzi wanakuja. Mwaka 2015 Serikali ilianza kuzipima zahanati kwa nyota, 0 hadi 5; shabaha ni 3.

Tusipake chokaa tukadhani basi. Wataangalia: jokofu la chanjo lina nyuzi 2 hadi 8, na huandikwa asubuhi na jioni? Sindano zilizotumika zimo kwenye boksi lake? Daftari la dawa linalingana na kabati? Maji ya kunawa yapo?

Daftari ni kazi ya mganga. Maji na shimo la taka ni letu sote. Jumamosi kila nyumba ilete ndoo na jembe.

Kisichokuwepo tuseme hakipo. Tusiazime cha kuonyesha. Mama akishikwa na uchungu usiku, bahari imechafuka, Kilwa Masoko hafiki. Ni hapa hapa.

Umoja ni nguvu!