Mwanga wa Jua na Usalama wa Maji

Katika vita vya Afrika Kusini vya miaka ya 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza askari wengi zaidi kwa maradhi, hasa homa ya matumbo, kuliko kwa risasi. Mwaka 2015 homa hiyo hiyo ililipuka katika jiji la Kampala, na maji machafu yalikuwa miongoni mwa vyanzo vyake.

Mitambo ya Ggaba huteka maji katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo humiminika maji ya mfereji wa Nakivubo, yanayobeba taka za jiji. Taka hizo hurutubisha vijimea vya kijani ambavyo baadhi yake hutoa sumu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuiondoi sumu hiyo.

Ndiyo maana wataalamu wanautazama mwanga. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba dioksidi ya titani, kitu kile kile kinachoipa rangi ya nyumba weupe wake, ikipigwa na mwanga huweza kuyatenganisha maji. Baadaye ilidhihirika kwamba kichocheo hicho, kikiangazwa na miale ya urujuanimno, huzalisha chembe kali za muda mfupi zinazoangamiza vijidudu na kuvunjavunja kemikali, ikiwamo sumu ya vijimea, bila chenyewe kuisha.

Hata hivyo, vikwazo vipo. Miale hiyo ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, maji yenye tope huizuia, na unga wa kichocheo ni lazima uchujwe kabla ya maji kunywewa.

Kwa askari aliye doria mbali na bomba na kuni, ipo njia nyepesi zaidi: maji maangavu, ndani ya chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, yalazwe juani kwa saa 6, au siku 2 mfululizo iwapo kuna mawingu. Vijidudu vingi vitakufa, ingawa kemikali zitabaki. Kwa hiyo, maji yenye utando wa kijani yasitekwe kamwe.

Bunduki husafishwa kila siku ili isimsaliti mwenyewe. Chupa ya maji nayo yastahili uangalifu huo huo, kwani askari mgonjwa hawezi kumlinda raia.